SOMO: MASHUA KUUKUU YA CHAMA – KUSUGUA KWANZA, RANGI BAADAYE

Somo la toleo hili lawahusu makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya wavuvi, hasa wale wa ufuko wa Ziwa Nyasa wilayani Kyela na wale wa Bwawa la Mtera mkoani Iringa. Wenzao wa Ludewa, wilaya iliyokuwa ndani ya Mkoa wa Iringa mpaka Mkoa wa Njombe ulipoanzishwa mwaka 2012, watapata humo manufaa yale yale.

Chama kichanga kinapokusanya hisa na akiba ili kinunue chombo, mara nyingi fedha hazifikii bei ya mashua mpya. Hununuliwa iliyokwisha tumika: mashua ya mbao yenye mlingoti na tanga, iliyoundwa kwa ajili ya mtu mwingine, ikapita mikono miwili au mitatu. Hapana ubaya katika hilo. Ubaya huanza siku ya pili, Bodi inapotuma mtu dukani akalete rangi kabla ya yeyote kuitazama mashua upande wa chini. Rangi mpya hupendeza machoni mwa wanachama siku ya kuizindua, lakini ubao uliooza huendelea kuoza chini yake, na sasa hauonekani tena. Miezi sita baadaye mashua hufua maji usiku kucha, nyavu hulowa ngama, na watu wanne au watano wako mbali na ufuko katika ziwa ambalo kina chake hupita meta 700.

Kabla ya fedha kutolewa

Mashua inayouzwa ikiwa na rangi mbichi yafaa ishukiwe kuliko ile iliyochakaa wazi wazi. Muuzaji mwema hana sababu ya kupaka rangi chombo anachokiachia mwingine. Na kama anayo, na aieleze. Kwa hiyo chama kiweke sharti moja kabla ya malipo yoyote: mashua ipandishwe nchi kavu, ioshwe, na ichunguzwe na fundi wa vyombo aliyechaguliwa na chama, wala si fundi aliyeletwa na muuzaji. Gharama ya kuwalisha vijana kumi watakaoivuta ni ndogo mno ikilinganishwa na hisa za wanachama mia.

Jambo jingine husahauliwa sana. Namba ya usajili iliyoandikwa ubavuni mwa mashua ni ushahidi wa umiliki. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 yataka chombo cha uvuvi kisajiliwe na kiwe na leseni. Katibu anakili namba hiyo, ailinganishe na hati za muuzaji, na kupata mkataba wa mauzo ulioshuhudiwa na serikali ya kijiji pamoja na ofisa uvuvi. Mpaka hayo yatimie, mtu asiguse namba kwa msasa wala brashi. Chama kilichofuta namba ya zamani kabla ya kuhamisha umiliki kitapata taabu kuthibitisha kwamba mashua iliyo mikononi mwake ndiyo ile iliyotajwa kwenye hati, na iwapo mashua iliibiwa, kitaonekana kuwa ndicho kilichoficha alama yake.

Kuipandisha mashua

Watu wa pwani, tangu Tanga hadi Kilwa, wana msaidizi ambaye ziwa halina: maji kupwa na kujaa. Nahodha wa baharini hukileta chombo karibu na nchi wakati maji yamejaa, maji yakipwa chombo hukaa mchangani juu ya magadi, naye husugua na kupaka kwa saa chache kabla bahari haijarudi. Ziwa Nyasa halipwi hivyo. Kina chake hupanda na kushuka kwa majira, kikiwa juu karibu na mwezi Mei baada ya masika na chini mwishoni mwa mwaka. Mashua basi sharti ivutwe kwa nguvu za watu juu ya magogo ya mviringo, kamba ikiwa imefungwa chini karibu na mkuku, wala si kwenye ubao wa juu wa omo, ambao waweza kung'oka.

Wakati ufaao ni kiangazi. Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini, kiasi kipitacho milimeta 2,000 kwa mwaka, na ubao uliolowa haushiki rangi. Tangu Agosti hadi Oktoba pana nafasi nzuri zaidi, upepo wa mwera ukiwa umekwisha kupungua. Katika miezi hiyo, wavuvi wa usipa wachague siku za mbalamwezi. Usipa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haina mvuto; mashua ikilala nchi kavu siku nane au kumi za mwanga wa mwezi, chama hupoteza mapato kidogo sana.

Mashua isimame juu ya magadi imara pande zote mbili, na mtu asilale wala kukaa chini yake. Vile vile uwekwe ulinzi usiku. Chombo kilicho nchi kavu hakina namna ya kujitetea, kama Wajerumani walivyoona tarehe 13 Agosti 1914 huko Sphinxhafen, ambako leo ni Liuli mkoani Ruvuma. Meli yao Hermann von Wissmann, iliyokuwa ikielea Ziwa Nyasa tangu miaka ya 1890, ilikuwa imepandishwa ili ifanyiwe matengenezo. Meli ya Waingereza Gwendolen ikafika na kuipiga mizinga ikiwa hapo hapo juu ya chelezo, huku nahodha wake akiwa bado hajapata habari kwamba vita vimeanza.

Kusugua ni kuchunguza

Kazi ya kusugua ianze mara mashua inapotoka majini, uchafu ukiwa bado mbichi. Utelezi wa kijani na majani ya ziwani yakikauka hushika kama gundi, na kazi ya saa moja huwa ya siku nzima. Yatumike maji mengi, brashi ngumu na kikwangulio kisicho na ncha kali. Wafanyao kazi wakae nchi kavu na maji yaletwe kwa ndoo; kusimama kutwa katika maji ya kina kifupi yenye matete ni kujitafutia kichocho, kwani konokono waenezao ugonjwa huo hupenda mahali pa namna hiyo.

Rangi ya zamani iliyoshika barabara haina haja ya kuondolewa yote. Ipigwe msasa hadi ipoteze mng'ao wake. Iliyoinuka na kubanduka ndiyo ikwanguliwe hadi kwenye ubao. Hapa pana hatari. Rangi za miaka ya nyuma mara nyingi zilitiwa risasi, na vumbi la risasi hudhuru ubongo wa watoto zaidi ya mtu mwingine yeyote. Kwa sababu hiyo msasa utumike ukiwa na maji, wafanyakazi wafunike pua na midomo, watoto wafukuzwe mahali pa kazi, na magamba ya rangi yakusanywe juu ya turubai na kuzikwa mbali na maji. Kuyaacha mchangani ni kuyapeleka ziwani kwa mvua ya kwanza, katika maji yale yale wanayoteka akina mama.

Mashua ikiwa tupu na safi, fundi achukue kisu chembamba na nyundo ya mti. Agonge ubao kwa ubao. Mlio mkavu ni wa ubao mzima. Mlio mzito, kana kwamba anagonga gunia, ni wa ubao uliooza. Hapo achome kisu. Ncha ikizama pasipo nguvu, ubao huo ukatwe na kubadilishwa. Atazame hasa pale mbao zinapokutana na mkuku, na kila mahali palipokuwa pakikalia magadi ya mwenye mashua wa kwanza, maana hapo brashi haikufika. Misumari yenye doa jeusi pembeni imeshaliwa na kutu, na ubao uliouzunguka umeanza kulainika. Ing'olewe, na mahali pake itiwe misumari iliyopakwa zinki, kando kidogo ya tundu la zamani.

Wanachama wa Mtera wana uchunguzi wao zaidi. Bwawa hilo lilifunika msitu, na visiki vya miti iliyozama vingali vimesimama ndani ya maji, ambayo hupanda na kushuka sana kwa kadiri ya Mto Ruaha Mkuu. Mashua iliyofanya kazi humo aghalabu ina mikwaruzo mirefu chini na mkuku uliolika. Mkwaruzo uliopita rangi na kuingia ndani ya ubao usijazwe rangi tu. Ulainishwe kwanza, uachwe ukauke, ndipo uzibwe.

Kuhusu ubao wa kubadilishia, shauri ni moja. Mbao za paini za mashamba ya Sao Hill wilayani Mufindi ni nafuu na hupatikana kwa urahisi, nazo zafaa kwa mambo mengi. Lakini paini isiyotiwa dawa, ikikaa majini na kukauka zamu kwa zamu, huoza upesi. Mninga au mvule hugharimu zaidi na hudumu zaidi. Bodi ikilazimika kutumia paini, basi iwe iliyotiwa dawa na kukaushwa vema, na ukweli huo uandikwe katika kumbukumbu za chama, ili atakayerithi mashua ajue ni ubao upi wa kuuangalia kila mwaka.

Adui wa baharini na adui wa ziwani

Hapa ndipo fedha nyingi za vyama huweza kupotea. Katika maduka ya Dar es Salaam huuzwa rangi za chini ya chombo zilizochanganywa na shaba ili ziue viumbe wenye magamba wanaong'ang'ania vyombo baharini. Pwani rangi hizo zina maana. Huko wamo viumbe hao, na yumo pia mnyoo atoboaye mbao hadi ubao ukawa kama sega la nyuki. Mabaharia wa Kiswahili walipambana nao karne nyingi kwa deheni, yaani chokaa iliyopondwa pamoja na mafuta, na ndiyo sababu majahazi mengi yalionekana meupe upande wa chini. Katika Ziwa Nyasa na katika Mtera, maji ni baridi. Mnyoo huyo hamo na viumbe wale hawamo. Kinachoota ni utelezi na majani laini, ambavyo brashi huondoa. Chama kinunuacho rangi ya shaba kwa bei yake kubwa kinanunua dawa ya ugonjwa kisichokuwa nao, na tena kinatia sumu katika maji ya kunywa na ya samaki. Aina moja ya rangi hizo, iliyotiwa bati lenye sumu kali, imekatazwa na mkataba wa kimataifa uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika Septemba 2008; kopo kuukuu la namna hiyo likitolewa kwa bei ya chee, likataliwe.

Adui wa mashua ya ziwani ni kuoza, na kuoza huanzia ndani. Maji ya chumvi huuhifadhi ubao kwa kiasi fulani. Maji ya mvua huuozesha. Mashua iliyoachwa na mvua imesimama chini ya mbao za kukanyagia, pasipo hewa, itaoza kuanzia kwenye mataruma ingawa nje yake inang'aa. Hivyo basi sehemu ya ndani isuguliwe kwa bidii ile ile, tope na magamba ya samaki yaondolewe katika kila pembe, na njia za maji kupita kati ya mataruma zizibuliwe. Fundi mwenye brashi moja na muda mchache atafanya vizuri zaidi akianza ndani.

Ikiwa mashua imenunuliwa mbali, pana wajibu wa ziada. Iliyotoka pwani kwa lori, kupitia Iringa na Mbeya, ina chumvi ndani ya nyufa. Ioshwe mara kadhaa, kwa sababu chumvi huvuta unyevu na rangi haikauki juu yake. Iliyotoka Mwanza ioshwe huko huko na kukaushwa kabisa kabla ya safari. Ziwa Viktoria liliingiwa na magugu maji mwishoni mwa miaka ya 1980, na kijani kidogo kilichonasa kwenye usukani chaweza kuleta mahali pengine balaa ambalo hakuna chama kitakachoweza kulilipia.

Kalafati na rangi

Mashua isugue, ichunguzwe, kisha iachwe kivulini ikauke siku tatu au nne. Isianikwe juani wiki nzima. Mbao zikikauka kupita kiasi hujikunja na nyufa hufunguka, na fundi asiye mzoefu atazijaza pamba nyingi mno. Mashua ikirudi majini mbao huvimba, pamba hukosa nafasi, na misumari hulegea. Pamba ya zamani iliyooza itolewe kwa ndoano. Mpya isokotwe, ilowekwe mafuta, na kukalafatiwa kwa mkono mwepesi hadi ikae chini kidogo ya uso wa ubao, kisha ifunikwe kwa puti.

Kama mwenye mashua wa kwanza alipaka lami, rangi ya mafuta haitakaa vema juu yake. Lami hupenya, rangi hubaki ikinata na kugeuka kahawia. Chama kichague: ama lami ikwanguliwe yote, ama chombo kiendelee na lami chini na rangi iwe juu ya mstari wa maji pekee. Oili chafu ya magari, ambayo baadhi ya watu huisifu kwa kuwa haigharimu kitu, isitumike; huzuia rangi kushika kwa miaka mingi na huelea juu ya maji kila mashua ipitapo.

Rangi ya awali, ambayo wauzaji huiita praima, ipunguzwe kidogo kwa tapentaini ili ipenye ndani ya ubao. Baada yake hufuata mipako miwili ya rangi ya mafuta ya nje, kila mpako ukipewa muda ulioandikwa kwenye kopo. Kazi ianze umande ukiisha na kukoma kabla ya jioni. Na penye mchanga mwepesi kama Matema, ardhi ya upande wa upepo imwagiwe maji kwanza. Siku ya mpako wa mwisho magadi yasogezwe, na mahali yalipokuwa pasuguliwe na kupakwa kama pengine.

Hesabu za Katibu

Katibu anaweza kukisia rangi kabla ya kwenda dukani. Urefu wa mashua kwenye mstari wa maji huzidishwa kwa jumla ya upana na kina kizamacho, kisha huchukuliwa robo tatu ya jibu. Mashua yenye urefu wa meta 7, upana wa meta 2 na kina cha nusu meta: 7 mara 2.5 ni 17.5, na robo tatu yake ni karibu meta 13 za mraba. Lita moja juu ya mbao zisizo laini sana hutosha meta 8 hivi za mraba. Mipako miwili ni meta 26, yaani lita tatu na robo; kopo moja la lita 4 latosha, na praima lita 2. Kwa upande wa ndani na sehemu ya juu kipimo kifanywe mbali. Wanachama wakiletewa stakabadhi ya ndoo ya lita 20 kwa ajili ya upande wa chini wa mashua kama hiyo, wana haki ya kuuliza lita nyingine zimepaka nyumba ya nani.

Gharama za kuitengeneza mashua kabla haijaanza kazi, yaani mbao, kalafati, rangi na ujira wa fundi, huongezwa kwenye bei ya ununuzi na kuingizwa katika rejista ya mali. Uchakavu hukokotolewa juu ya jumla hiyo. Rangi ya mwaka wa pili na ya miaka inayofuata ni matumizi ya kawaida ya mwaka husika. Makisio ya yote mawili yapelekwe mbele ya Mkutano Mkuu kabla ya kununua, kwa kuwa mashua ya bei rahisi yenye mbao kumi za kubadilisha yaweza kuwa ghali kuliko jirani yake ya bei ya juu.

Mashua ikirudishwa majini, itavuja siku ya kwanza na pengine ya pili, mpaka mbao zivimbe. Ifungwe karibu na ufuko pasipo nyavu wala tanga, na mlinzi aandike idadi ya ndoo anazofua kila baada ya saa sita. Idadi ikipungua hadi ndoo moja au mbili, mashua iende kazini. Isipopungua siku ya tatu, ipandishwe tena.

Maswali ya kujadiliwa chamani

1. Muuzaji akubali bei ya chama lakini akatae mashua isipandishwe nchi kavu kabla ya malipo. Bodi ifanye nini, na Katibu aandike nini katika kumbukumbu za kikao?

2. Mashua ina urefu wa meta 9, upana wa meta 2.4 na kina cha meta 0.6. Mipako miwili ya upande wa chini yahitaji lita ngapi?

3. Katika mwaka wa tatu chama kimebadilisha ubao mmoja na kupaka rangi mashua nzima. Gharama hizo ziandikwe wapi, na kwa nini?